Majina Kabla ya Jiwe: Mwongozo kwa Kamati Inayojenga Kumbukumbu ya Waliofariki katika Maafa

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na huko ndiko watu walikojazana. Ndiyo maana hadi leo kila anayesimulia ajali ile anataja idadi yake ya waliofariki. Makaburi ya pamoja yapo Igoma, na watu hukusanyika pale kila mwezi wa Mei kuwaombea marehemu, lakini mnara hauwezi kurudisha orodha ambayo haikuandikwa siku ya safari.

Mwongozo huu ni kwa watu waliopewa kazi ambayo hawakuisomea. Kivuko kimepinduka, bweni limeungua, basi limetumbukia korongoni au ghorofa limeporomoka. Mazishi yamepita, na kijiji, kata, shule, msikiti au parokia imewateua ninyi kuwa kamati ya kujenga mahali pa kuwakumbuka waliofariki. Huenda mchango wa kwanza umeshaingia, na huenda fundi ameshaleta mchoro wa mnara mrefu wenye mwenge juu. Mwambieni asubiri. Mchoro ni hatua ya nne.

Kwa nini msianze na mchoro

Watakaofika mahali hapo hawana shida moja. Mfiwa anatafuta jina la mtu wake na pa kukaa. Kama mwili haukupatikana, hapo ndipo patakuwa kaburi pekee alilonalo. Manusura anataka ijulikane kwamba naye alikuwemo, ingawa wengi wao hawawezi kutazama picha za siku ile. Mwokoaji, mara nyingi mvuvi au jirani aliyefika kabla ya vyombo vya serikali, anabeba aliyoyaona na hakuna anayemuuliza hali. Halafu kuna mtoto aliyezaliwa baadaye, ambaye anahitaji kuelezwa nini kilitokea na kwa nini. Mnara mrefu usio na kitu kingine hauwafai wote wanne. Unawapendeza wanaopita barabarani kwa gari.

Katika mji wa Oklahoma City, Marekani, jengo la serikali lililipuliwa kwa bomu tarehe 19 Aprili 1995 na watu 168 wakafa. Iliundwa kamati kubwa ya watu 350, wafiwa na manusura wakiwemo. Kabla ya kumwita mchoraji yeyote, walikubaliana kwa maandishi kumbukumbu yao iseme nini na imsaidie nani, ndipo wakatangaza shindano la michoro. Mchoro ulioshinda una viti 168 vitupu. Viti 19 kati yake ni vidogo, vya watoto. Vimepangwa kwa safu tisa kufuata ghorofa ambayo kila mtu alikuwepo, na hata asiyejua kusoma anaelewa mara moja. Mchoro wa namna hiyo ulipatikana kwa sababu wachoraji walijua wanatakiwa kujibu nini.

Hatua ya 1: Andikeni tamko

Kaeni na wafiwa, manusura na waokoaji, kila kundi peke yake kwanza, halafu wote pamoja. Msiwachanganye siku ya kwanza. Mbele ya mama aliyepoteza wanawe, manusura huona aibu kusema kwamba yeye yu hai. Kila kundi liulizwe:

1. Ukifika mahali hapa ukiwa peke yako, unataka kufanya nini? Kukaa, kuomba, kuweka maua, kugusa jina, kulia bila kutazamwa?
2. Ni kitu gani hutaki kukiona kabisa?
3. Mtoto wa darasa la tano akiletwa hapa, aondoke akijua nini?
4. Nani atafagia?

Majibu yafupisheni yawe sentensi tano au sita, yasomwe hadharani na kupitishwa. Kila ubishi utakaofuata, uwe wa rangi, urefu au pesa, mtaurudisha kwenye karatasi hiyo.

Msikimbilie kujenga kabla ya mwaka kupita. Kwa sasa toeni mahali pa muda: kivuli cha mti, benchi na ubao. Tazameni watu wanaweka wapi maua na mishumaa bila kuambiwa, na wanasimama wakielekea wapi. Oklahoma City watu walianza kutundika vitu kwenye uzio wa waya uliozunguka eneo la mlipuko. Sehemu ya uzio huo ilihifadhiwa, na bado watu wanatundika.

Hatua ya 2: Orodha ya majina

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukuta mtaujenga kwa wiki chache, orodha inaweza kuwachukua miezi, na ndiko makosa yasiyosahaulika yanakozaliwa. Kwenye ukuta wa Washington wa askari wa Marekani waliofia Vietnam, uliochorwa na Maya Lin na kuzinduliwa mwaka 1982, yamewahi kuchongwa majina ya watu waliokuwa hai. Nchi yenye kumbukumbu za kijeshi za kila askari ilikosea. Kamati ya kata yenye daftari moja ina sababu zaidi ya kuwa makini.

Fuateni mpangilio huu:

1. Kusanyeni orodha zote zilizopo. Ya polisi, ya chumba cha maiti, ya abiria kama ipo, daftari la shule, daftari la mtendaji wa kijiji, orodha za mazishi za msikiti na kanisa. Zitatofautiana, na hiyo ni kawaida. Msiitupe hata moja.
2. Nendeni nyumba kwa nyumba. Jina linathibitishwa na familia. Polisi wanaweza kuwa wameandika "Mama Neema" kwa sababu ndilo jina ambalo jirani alilijua.
3. Kila jina liwe na mashahidi wawili na karatasi moja. Cheti cha kifo ni bora. Kisipokuwepo, barua ya mtendaji au ya kiongozi wa dini. Kanuni hii iwe hiyohiyo kwa jina litakalokuja miaka kumi baadaye.
4. Bandikeni rasimu kwenye ofisi ya kijiji au mtaa, misikitini, makanisani, shuleni na mwaloni au stendi, kwa siku zisizopungua 60. Isomwe pia kwa sauti, jina kwa jina, baada ya sala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili. Asiyesoma ana haki ya kusikia kama ndugu yake ameandikwa vizuri.
5. Familia iweke sahihi au dole gumba chini ya jina lililoandikwa kama litakavyochongwa, herufi kwa herufi.

> FOMU YA JINA MOJA
> – Jina kamili kama familia inavyotaka lichongwe
> – Majina mengine aliyojulikana nayo (hayachongwi, yanabaki kwenye daftari)
> – Kijiji au mtaa. Mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana
> – Ndugu waliofariki naye
> – Mwili ulipatikana? Kazikwa wapi?
> – Mashahidi wawili, karatasi iliyoambatishwa
> – Familia inakubali jina liwekwe hadharani? Ndiyo / Hapana
> – Sahihi au dole gumba, tarehe

Familia ikisema hapana, liheshimuni hilo na msidai sababu.

Mtakutana na mambo ambayo fomu haiyajibu. Kichanga ambaye hakuwa amepewa jina aandikwe kwa jina la mama: "Mtoto wa fulani". Asiachwe. Watu wawili wenye jina moja watofautishwe kwa jina la babu au la kijiji, wala msiwape namba. Vyeo kama Mwalimu, Alhaji au Padri viwe kwa wote wenye navyo au visiwepo kabisa, na mimi naona bora visiwepo, kwa sababu maji au moto haukuwauliza vyeo. Mgeni asiye na ndugu hapa aandikwe, na ubalozi wa nchi yake uombwe kutafuta familia.

Jambo zito kuliko yote ni dereva, nahodha au mlinzi anayelaumiwa, naye akiwa miongoni mwa waliofariki. Wapo watakaosema jina lake lisikae na ya waliouawa na uzembe wake. Wapo watoto wake, ambao hawakuendesha chombo. Lijadilini mapema na wafiwa kabla fundi hajashika tindo, na msichonge kwenye jiwe hukumu ambayo mahakama haijaitoa. Mkishindwa kuelewana, njia moja ni kuandika majina ya wote waliofariki siku ile bila neno linalowaweka katika mafungu.

Kuhusu mpangilio, alfabeti humrahisishia anayetafuta, lakini huwatenganisha mke na mume, na mtoto na shangazi aliyekuwa amempakata. Kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 11 mjini New York ina majina 2,983, na familia ziliombwa kusema wangependa jina la mtu wao liwe jirani na la nani. Yalipokelewa maombi zaidi ya 1,200. Kwa orodha ya watu 50 au 300, kazi hiyo mnaiweza kwa karatasi na gundi. Pangeni kwa familia na marafiki, kisha wekeni kibao kidogo pembeni chenye alfabeti na namba ya safu.

Acheni bamba moja tupu. Ukuta wa majina wa Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, bado haujakamilika, kwa sababu majina mengi hayajapatikana. Bamba tupu linamwambia aliyechelewa kwamba nafasi ya mtu wake ipo.

Hatua ya 3: Kiwanja

Mna sehemu tatu za kuchagua: palipotokea tukio, palipo na makaburi, au mahali ambapo watu hupita. Palipo makaburi ndipo wafiwa wataenda kwa vyovyote, kama ilivyo kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, walikozikwa baadhi ya waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018. Zaidi ya watu 220 walikufa siku ile, karibu kabisa na gati. Wafiwa wa ajali za majini waulizwe swali la ziada: benchi zitazame maji au ziyape mgongo? Msijijibie.

Kabla ya kumwaga kokoto:

☐ Barabara. Tanzania Bara, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mkijenga humo, siku moja mtakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wenye majina ya watoto wenu. Tena msiweke kumbukumbu ya ajali ya basi kwenye kona ileile iliyoua. Siku ya dua watu mia tatu watasimama barabarani.
☐ Maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 ya Tanzania inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Mwoneni afisa mazingira wa wilaya. Ulizeni pia wazee maji yalifika wapi mwaka 1964 na mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda na kumeza fukwe na nyumba.
☐ Makaburi. Msifukue wala kuhamisha mwili kwa uamuzi wa kamati. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi tangu 1969, na inafuatwa hata ardhi ikiwa ya kijiji.
☐ Hati. Ardhi isibaki kwa jina la mfadhili au mwenyekiti. Tanzania, sajilini wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), hati iwe yao. Mkiwa Kenya, zungumzeni na kaunti pamoja na Makumbusho ya Taifa, yanayosimamia Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006.

Hatua ya 4: Mchoro

Sasa mwiteni mchoraji, mpeni tamko na orodha. Hesabu ya ukuta ni rahisi. Herufi ziwe na kimo cha milimita 20, na kila mstari uchukue sentimita 4. Jina la chini kabisa liwe sentimita 60 kutoka sakafuni na la juu lisipite 160, ili mtu wa kiti cha magurudumu na bibi aliyepinda mgongo walifikie kwa mkono. Hapo mnapata mistari 25. Majina 200 yanahitaji safu 8. Safu moja ikiwa na upana wa sentimita 45, ukuta wenu ni mita 3.6, na bamba tupu juu ya hapo. Watu hushangaa kuona ni mfupi. Pesa iliyobaki ipelekeni kwenye kivuli, benchi, maji na choo.

Wafiwa watalala hapo kwenye mikeka, watapika chai, watoto watakimbia. Acheni uwanja wa turubai mbili, njia isiyo na ngazi, na kona moja iliyofichika kwa anayetaka kulia peke yake.

Dini itawatenganisha msipoishughulikia mapema. Waislamu wengi hawapendi kaburi lijengewe wala sanamu ya mtu isimamishwe. Wakristo wengi wanataka msalaba. Wapo pia waliofariki wasiokuwa wa huku wala kule. Ushauri wangu ni kutenganisha makaburi na ukuta. Kaburi lifuate dini ya aliyelala humo na matakwa ya nduguze, ukuta uwe na majina matupu bila alama ya dini yoyote. Siku ya kumbukumbu shehe na padri wote wana nafasi.

Picha za maiti zisiwekwe popote, hata kwenye chumba cha maelezo. Vitu vya marehemu, kama kiatu, daftari au kanga, vina nguvu kubwa. Kanisa la Nyamata, Rwanda, limejaa nguo za waliouawa humo, na hakuna maelezo yanayozishinda. Lakini ni vya familia, viombwe na viandikiwe risiti. Mabaki ya chombo msiyaguse kesi ikiwa haijaisha.

Hatua ya 5: Maneno ya kwenye bamba

Tarehe, mahali, kilichotokea, waliofariki. Idadi ikiwa na ubishi, msichague upande. Andikeni: "Haya ni majina tuliyoyapata. Wapo wengine ambao majina yao hatujayapata."

Sababu iliyothibitishwa na uchunguzi rasmi isifichwe. Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa moto usiku mwezi Machi 2001. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwanafunzi anayesoma bamba la msiba kama huo akikuta "walitwaliwa na Mola" pekee, hatajua kwamba anapaswa kukagua mlango wa bweni lake usiku huohuo. Imani ya wafiwa ipewe mstari wake, na mlango upewe wake.

Jina la kiongozi atakayezindua liwe kwenye kibao kidogo pembeni, herufi zisizozidi za marehemu. Mwambieni mapema na kwa adabu. Nimeona mabamba ambayo jina la mgeni rasmi linasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, na ya waliokufa mpaka uiname. Wafiwa huliona hilo na huumia, hata wakinyamaza.

Hatua ya 6: Vifaa

– Chongeni majina ndani ya jiwe gumu kama matale. Rangi juu ya vigae hupauka, na vigae hubanduka.
– Msitumie mabamba ya shaba wala alumini. Yataishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.
– Pwani, msichanganye zege kwa mchanga wa baharini, na nondo zifunikwe vizuri. Chumvi ikizifikia, kutu itapasua ukuta.
– Mnara mrefu mahali pa wazi uwekewe kinga ya radi.
– Pandeni mwarobaini au mwembe. Mkuyu ukae mbali na msingi.
– Fundi achonge kwanza majina matano, familia zije kuyaona, ndipo aendelee.

Hatua ya 7: Pesa na matunzo

Katika kila shilingi tano mtakazokusanya, moja iwekeni benki kwa matunzo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, mmoja wao mfiwa asiye kiongozi. Mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi palepale ilipobandikwa orodha. Mlinzi anayefagia alipwe. Kazi ya kujitolea hudumu mpaka msimu wa kulima. Mkifikiria kutoza kiingilio, wafiwa na manusura wasilipe kamwe, na mwandike hilo getini.

Kabla ya kuzindua

☐ Kila familia imeliona jina lake likiwa limechongwa
☐ Manusura wameletwa peke yao siku moja kabla, bila kamera
☐ Kuna mtu wa huduma ya kwanza na mtu aliyefunzwa kuwaliwaza wenye majonzi
☐ Maji ya kunywa, kivuli na choo vipo
☐ Waandishi wameambiwa wasimpige picha anayelia bila ruhusa yake
☐ Hotuba hazizidi tatu. Majina yote yanasomwa, na hayafupishwi hata mgeni rasmi akichelewa
☐ Nakala ya daftari la majina ipo kwa wadhamini, nyingine halmashauri, nyingine shuleni
☐ Namba ya simu ya katibu ipo kwenye kibao, na fundi ameshalipwa nusu ya gharama ya kuchonga jina litakaloletwa baadaye